Kabla Pasi Haijapita

Watoto wenzake walikuwa bado wamejifunika gubigubi, maana likizo ilikuwa imeanza na hakukuwa na kengele ya kuwaamsha. Kidomo alikuwa ameshanawa uso, ameshakunywa chai, na yuko njiani kwenda kwa dobi huku akipiga mawe kwa ncha ya kiatu na kunung'unika peke yake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwenye macho makali na mdomo usiojua kupumzika. Jina lile alipewa na bibi yake siku alipoanza kuongea, na tangu siku hiyo hakuwahi kufanya jambo lolote la kulipinga.

Kazi yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya bibi yake, aliyekunja nguo kwa dobi huyo tangu Kidomo akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Bibi ndiye aliyemlea. Chakula chao, chumba chao na sare yake ya shule vyote vilitoka kwenye meza ile ya kukunjia. Kisha maji ya moto yakammwagikia Bibi mkono wa kulia, na daktari akamkataza kuutumia mpaka upone kabisa. Dobi hakuwa mtu wa kusubiri. Alisema wazi kwamba meza haiwezi kukaa bila mtu, na wanaotafuta kazi wamejaa barabarani. Bibi akamsihi amchukue mjukuu wake kwa muda wa likizo ili kumshikia nafasi. Dobi akakubali kwa shingo upande.

Na kusema kweli, shingo yake ilikuwa na visa vyake. Alivaa shati lililotiwa wanga mpaka likasimama lenyewe, akafunga vifungo vyote hadi cha juu kabisa, hata akitaka kukutazama ilimbidi ageuke mwili mzima. Wafanyakazi walimwita Kola. Usoni pake walimwita Bosi.

"Shikamoo, Bosi," alisema Kidomo alipofika mlangoni.

"Marahaba. Jua limekutangulia kufika."

"Jua halina vyombo vya kuosha, Bosi."

Mpiga pasi, kijana mrefu aliyekuwa akiipangusa pasi yake kwa kitambaa, alicheka puani. Kola hakucheka. "Bibi yako aliniahidi mtu wa kukunja nguo," alisema. "Ameniletea mdomo."

Kazi pale ilikuwa na mpangilio wake. Uani wafuaji walikuwa na pipa la maji yanayochemka, mabeseni makubwa, na kamba za kuanikia zilizotoka ukuta hadi ukuta. Nguo nyeupe za wateja wote zilifuliwa pamoja. Zikikauka, Kola mwenyewe ndiye aliyezichambua, akatia za kila mteja kwenye kikapu chake. Mpiga pasi alipiga pasi kikapu kimoja kimoja, kisha Kidomo akakunja na kupanga kwenye rafu. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia Kola kuchambua. Alisimama karibu na dirisha, akainua kila nguo usoni, akaishusha, akaiinua tena, na ole wake aliyepita mbele yake akamzibia mwanga.

Siku ya kwanza Kidomo aliona vijiuzi vya rangi kwenye pindo la ndani la kila nguo. Akauliza kwa nia njema kabisa, "Bosi, hivi vijiuzi ni vya nini?"

"Umekuja kukunja au kunihoji?" Kola alifoka. "Macho umepewa ya nini?"

Baadaye aliuliza kama mikono ya mashati ikunjwe ndani au nje. Akajibiwa vilevile, kwamba macho amepewa ya nini. Alipouliza chooni ni wapi, mpiga pasi ndiye aliyemwonyesha, maana Kola alikuwa ameshafungua kinywa kwa ajili ya macho yale yale. Kidomo akaapa moyoni kwamba hatamuuliza yule mzee kitu tena maishani, hata kama paa linaungua.

Juma la pili mambo yalichacha. Muuguzi mkuu wa zahanati ya jirani aliingia bila hata hodi, mama wa mwili na sauti, akatupa koti jeupe juu ya meza.

"Hili ni la nani?" aliuliza. "Nimelivaa mbele ya wagonjwa, mikono inaishia kwenye viwiko! Nimesimama pale kama kuku aliyenyonyolewa. Kumbe ni la kinyozi!"

"Samahani sana, mama," alisema Kola. Sauti yake ilikuwa laini ghafla, sauti ambayo Kidomo hakuwahi kuisikia.

"Samahani ya ngapi hii? Tangu yule mama wa kukunja aumie mkono, hakuna kikapu kinachofika kikiwa kamili. Sikiliza, mzee. Ikitokea tena, nguo zote za zahanati nazipeleka kwingine."

Kola akageuka, mwili mzima, akanyoosha kidole. "Ni huyu mtoto. Anachanganya nguo. Nimemchukua kwa kumhurumia bibi yake, na haya ndiyo malipo yake."

Kidomo alihisi masikio yanawaka moto. "Mimi? Mimi nakunja kilichomo kwenye kikapu! Sijahamisha hata soksi!"

"Kimya!"

"Lakini si kweli, Bosi!"

"Nimesema kimya!"

Muuguzi alimtazama Kidomo kwa jicho la dharau, akatikisa kichwa, akatoka. Kidomo alibaki amesimama, ameumia hata machozi yakamlengalenga. Kukosea na kukemewa angeweza kuvumilia. Kusingiziwa mbele ya mgeni, tena na jina la bibi yake likiburutwa humo humo, hakuweza. Tangu saa ile alimchukia Kola kwa moyo wote, na hakujisumbua kuficha.

Mchana, wafuaji na mpiga pasi walipokuwa wakila kivulini uani, Kidomo alichukua taulo, akalizungusha shingoni, akalikaza kwa kibanio cha nguo. Kidevu kikapanda juu. Akatembea kama mtu aliyemeza ufagio, akageuka mwili mzima kumtazama mpiga pasi.

"Wewe!" alinguruma. "Unapumua kwa ruhusa ya nani? Pua umepewa ya nini?"

Ua wote ukalipuka kwa kicheko. Mfuaji mmoja alipaliwa na chakula. Mpiga pasi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanyamaza ghafla, akainamisha kichwa kwenye sahani yake. Kidomo alijua kabla hajageuka. Kola alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake.

"Umemaliza?" aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Basi nisikilize. Kosa moja tena, dogo au kubwa, wewe na bibi yako mtabaki nyumbani. Meza ile nitampa mtu mwingine."

Jioni Bibi alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bendeji nyeupe, akijaribu kuchambua mchele kwa mkono wa kushoto. Kidomo akalipokea sinia.

"Bosi wako hajambo?" Bibi aliuliza.

"Si bosi wangu, Bibi. Ni adui yangu. Amenisingizia mbele ya muuguzi kwamba nachanganya nguo."

Bibi alitazama mkono wake uliofungwa, akafungua kinywa kama mtu mwenye jambo, kisha akalimeza. "Umemwambia yeye mwenyewe linalokukera, au umewaambia wafuaji?" aliuliza mwishowe.

Kidomo alichambua mchele kwa hasira hata punje nzima nzima zikarukia sakafuni. Hakuthubutu kumwambia Bibi kwamba nafasi yake sasa ilikuwa inaning'inia kwenye kosa moja tu.

Usiku alipata wazo. Atamkomesha Kola kwa kazi nzuri. Atafanya kazi safi mno, bila kuuliza, bila kusema, mpaka yule mzee atafute kosa kwa tochi na asilione.

Kesho yake wingu zito lilijikusanya tangu asubuhi. Nguo nyeupe zote zilianuliwa mbio mbio na kurundikwa kwenye meza ndefu: makoti ya zahanati, makoti ya kinyozi, mashati ya wahudumu wa hoteli na mashati ya bweni la shule. Wote wangekuja kuchukua jioni. Kola alikuwa bado hajachambua, na sabuni nayo ilikuwa imekwisha, hata wafuaji wakarudi nyumbani mapema. Akachukua mwavuli.

"Naenda dukani," alisema. "Nikirudi nikute hapa mambo yako sawasawa."

Sawasawa vipi? Hakusema. Kidomo hakuuliza. Mpiga pasi alisubiri mwavuli upinde kona, kisha akavuka barabara kwenda kucheza drafti.

Kidomo akabaki na lile rundo. Akainua koti la kwanza, akalikung'uta, akaligeuza. Vijiuzi vile tena, vyekundu vilivyopauka, vimekaa pindoni kama uchafu. Shati la pili lilikuwa na vya buluu. Nguo safi namna hii, halafu na takataka hizi ndani! Huenda ndizo zinazowaudhi wateja, aliwaza. Moyo ulimwambia avuke barabara amuulize mpiga pasi, au angalau amsubiri Bosi. Akaujibu moyo wake kwa maneno aliyofundishwa: macho nimepewa ya nini?

Akachukua mkasi mdogo. Alikata, akavuta kwa kucha, akapeperusha, akashika nguo nyingine. Alifanya kazi kwa bidii kweli, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, mpaka nguo ya mwisho. Alipomaliza, meza ilikuwa nyeupe tupu na sakafu ilikuwa na vumbi la nyuzi za rangi zote. Alijisikia fahari. Aliona hata Kola angekosa la kusema.

Mpiga pasi aliporudi alichomeka pasi yake, akainua koti la juu, akaligeuza pindo. Akaligeuza tena. Akachukua la pili, la tatu. Kisha akatazama sakafuni.

"Mtoto wewe," alisema taratibu. "Alama ziko wapi?"

"Alama gani?"

"Alama za wateja! Msalaba mwekundu ni zahanati. Mistari miwili ya buluu ni hoteli. Pembetatu ya kijani ni bweni. Nukta tatu nyeusi ni kinyozi. Mzee alizishona mwenyewe kila nguo ilipofika hapa mara ya kwanza. Bila hizo, huwezi kujua shati la nani ni lipi. Zote nyeupe!"

Kidomo aliinama, akaokota uzi mmoja mwekundu sakafuni. Akilini alimwona Bibi na sinia lake la mchele. Alimwona muuguzi akibeba nguo za zahanati kuzipeleka kwingine. Kosa moja, dogo au kubwa, Kola alisema, na hili halikuwa dogo.

"Tulia," alisema mpiga pasi, akitazama mlangoni. Naye alikuwa na yake ya kuogopa, maana hakupaswa kuondoka. "Maji yakimwagika hayazoleki. Tufanye hivi: nazinyunyizia maji, napitisha pasi, zinanyooka, tunazigawa kwa kukisia. Mzee akiuliza tunasema zilikuja hivyo kutoka kambani. Nani atajua? Yeye mwenyewe siku hizi anachanganya kila siku. Mwache aumbuke."

Maneno yale yalikuwa matamu. Yule mzee si alimsingizia yeye? Basi leo naye abebe la mwenzake. Kidomo aliinua koti ili ampe mpiga pasi, na mwanga wa dirisha ukapita kwenye kitambaa. Akaona vitundu. Vilikuwa vidogo mno, vitundu vya sindano, vimepangana msalaba, na pale ulipokuwa uzi kitambaa kilikuwa cheupe kuliko kwingine. Akashika shati. Vitundu viwili viwili, mistari miwili.

"Ngoja!" alisema. "Zinasomeka! Alama bado zipo!"

"Zikipitiwa na pasi hazitakuwepo," alisema mpiga pasi, akanyoosha mkono. "Lete. Mvuke unaziba vyote hivyo."

"Usipige pasi!" Kidomo alijitupa mbele ya meza, akakumbatia rundo. "Nitamwambia."

"Utamwambia Kola? Una wazimu? Atakufukuza kabla hujafika mwisho wa sentensi!"

"Basi nitaongea haraka."

Kola aliingia akiwa na katoni ya sabuni begani, mabega yameloa mvua. Akawaona wawili wale, mmoja ameinua pasi, mwingine amelalia nguo. "Kuna nini?"

Kidomo alisimama wima. Kwa mara ya kwanza maishani mdomo wake ulikuwa mzito. "Bosi, nimekosea. Nimekata alama zote. Nilidhani ni takataka. Nilitaka kukuuliza, nikasusa."

Katoni ilianguka. Alichokisema Kola baada ya hapo kilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Alimwita mharibifu. Alisema ukoo mzima umetumwa kumfilisi. Alipiga meza hata vibanio vikarukaruka. "Toka!" alimalizia. "Toka, na bibi yako asikanyage hapa tena!"

Kidomo hakusogea. "Nitatoka, Bosi. Lakini matundu ya sindano yapo. Tukichambua sasa, kabla ya pasi, hakuna nguo itakayopotea. Tazama hapa."

Kola alimpokonya koti, akaenda nalo dirishani. Akaliinua karibu na pua. Akalisogeza mbali kadiri mkono ulivyofika. Akalirudisha. Jasho lilimtoka shingoni na kola ikaanza kulegea.

"Hakuna kitu hapa," alisema. "Unanidanganya."

"Yapo, Bosi. Kidole chako kimeyagusa."

"Nimesema hakuna!"

Mpiga pasi alisogea, akachungulia begani pake. "Yapo, Bosi," alisema kwa sauti ndogo. "Msalaba. Ni la zahanati."

Mvua ilikuwa ikipiga juu ya bati. Kidomo alimtazama yule mzee anayekodoa macho kwenye kitambaa kilichokuwa mbele yake wazi, na mambo yote yakajipanga kichwani mwake: dirisha, kuinua na kushusha, macho umepewa ya nini. Akaelewa. Na hasira yote ya jana ikampanda upya.

"Kumbe huoni!" alisema. "Lile koti la muuguzi ulilitia mwenyewe kwenye kikapu kisicho chake, halafu ukanisingizia mimi! Ukamtukana na bibi yangu!"

Mpiga pasi alifumba macho akisubiri radi. Radi haikupiga. Kola aliketi juu ya katoni ya sabuni, akafungua kifungo cha juu cha shati, jambo ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kuliona.

"Nani atampa nguo zake dobi asiyeona doa?" aliuliza, bila kumtazama mtu. Kisha akajifuta uso, akanyanyuka, na sauti yake ikawa ile ile ya ukali. "Mbona mmesimama kama nguzo? Jioni inakuja. Wewe mdomo mrefu, soma matundu. Wewe mzururaji, zima pasi, tunga sindano. Haya!"

Wakaanza. Haikuwa kazi ya furaha. Kidomo alishika nguo dirishani na kusoma kwa sauti, Kola akajibu, na nguo ikaenda kwenye kikapu chake. Hata pale ambapo matundu yalikuwa yameanza kujifunga, Kola alipapasa kola, akapima pindo kwa vidole, akasema, "Hili la hoteli, wale hupenda kifungo kikubwa," na haikuwa kubahatisha. Mikono yake ilikumbuka kila kitu ambacho macho yalikuwa yamesahau.

"Matundu matatu, Bosi. Hapana, manne. La nne limechanika."

"Matatu au manne? Amua!"

"Ukinifokea nakosea hesabu! Niulize taratibu, nami nitakujibu taratibu."

Kola alitweta. Mpiga pasi alijichoma sindano akijizuia kucheka. "Matatu au manne?" Kola aliuliza tena, taratibu kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Matatu. La nne ni la panya."

"Kinyozi," alisema Kola. "Endelea."

Bibi aliwakuta katika hali hiyo. Mjukuu wake hakurudi kula mchana, akaja kumtafuta chini ya mwavuli. Alitazama vikapu, akatazama vumbi la nyuzi sakafuni, akatazama kifungo cha Kola kilichofunguliwa. Hakuhitaji kusimuliwa mengi.

"Kwa hiyo imejulikana," alisema.

Kola aligeuka. "Ulikuwa unajua?"

"Bosi wangu, unadhani zamani vikapu vilikuwa vinafika salama kwa sababu gani? Kila ulichochanganya nilikirekebisha wakati wa kukunja. Nilikuwa nakuficha. Nilidhani ndiyo heshima." Bibi aliketi kwenye kiti chake cha zamani, kando ya meza. "Nilipoumia sikumwambia huyu mtoto, maana mdomo wake unaujua. Nikakuachia wewe umwelekeze. Wewe ukamfokea. Mficha maradhi kifo humuumbua, Bosi, na sisi wawili tumeficha ya kutosha. Nenda hospitali ukapimwe macho. Watu wanavaa miwani na dunia haijaanguka."

Kola alirudi kwenye nguo zake, lakini hakusema tena kwamba Bibi asikanyage pale.

Jioni, nguo zikiwa zimeshapigwa pasi na kukunjwa, wateja walikuja mmoja mmoja. Muuguzi mkuu alifika wa mwisho, akafungua kifurushi chake papo hapo mezani, akapima mikono ya kila koti kwa mkono wake. Yote yalikuwa yake, na kwenye kila pindo palikuwa na msalaba mpya mwekundu.

"Leo mmejitahidi," alisema, akamtazama Kidomo. "Naona huyu amejifunza."

Kidomo alifungua mdomo. Alikuwa na la kusema, tena refu. Lakini Kola alimtangulia.

"Mama," alisema, akikohoa. "Lile koti la jana nililichanganya mimi. Huyu mtoto hakuhusika. Macho yangu yana hitilafu, kesho nakwenda kupimwa." Akamwonyesha Kidomo kwa kidole. "Nilimsingizia."

Muuguzi alirudisha makoti kwenye kifurushi. "Njoo zahanati kabla ya saa nne," alisema. "Mtaalamu wa macho anakuja kesho. Na nguo zangu zitaendelea kuja hapa." Akabeba kifurushi chake, na alipopita karibu na Kidomo alimgusa bega.

"Na meza?" Kidomo aliuliza muuguzi alipoondoka, maana hakuweza kuvumilia. "Ya Bibi?"

"Kiti cha bibi yako kiko palepale," Kola alijibu kwa ukali. "Nani amekwambia kimehamishwa? Mpaka apone, wewe utakikalia. Na kesho usichelewe."

Njiani, mvua ikiwa imekatika na mifereji inakimbia, Kidomo alimshika Bibi mkono wa kushoto. "Bibi, bado simpendi," alisema.

Bibi alicheka. "Nani amekwambia umpende? Unaye wa kumpenda nyumbani. Mkubwa wako wa kazi unatakiwa umheshimu, umwelewe anachotaka, na usipoelewa umuulize, hata akikunja uso. Yeye naye anatakiwa akujibu. Mpiga pasi amenisimulia: ulipomwigiza jana kwa taulo uani, ulipata vicheko, lakini uliongeza nini? Mkazidi kuwa maadui. Leo umemwambia usoni kosa lako na kosa lake, mkafanya kazi."

"Lakini amenifokea vibaya mno leo."

"Amekufokea, na nguo zimepona. Ungenyamaza, asingekufokea, na nguo zingepotea." Bibi alisimama kidogo kuvuta pumzi. "Kosa, mjukuu wangu, lina matundu kama yale. Ukilisema mapema, bado linasomeka na kurekebishwa. Ukisubiri pasi ipite, litanyooka vizuri mbele ya macho ya watu, na hakuna atakayejua tena pa kuanzia kushona. Mimi nilisubiri mno. Wewe hukusubiri."

Juma la mwisho la likizo Kola aliingia kazini na miwani minene iliyofungwa kwa kamba nyuma ya shingo. Hakuna aliyethubutu kucheka. Alichambua rundo zima bila kwenda dirishani, kisha akageuka, mwili mzima, akamtazama Kidomo aliyekuwa akikunja mashati kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Wewe!" alifoka. "Tangu asubuhi hujaniuliza kitu. Unaumwa?"

"Hapana, Bosi," alisema Kidomo, akainua shati jipya ambalo halikuwa na alama. "Nilikuwa nasubiri umalize. Hili ni la nani?"

"Mteja mpya," alisema Kola, akamsogezea kopo la nyuzi na sindano. "Chagua rangi. Nitakuonyesha namna ya kushona alama."